Spika ya Katikati Nyumbani kwa Marehemu Kaka

Siku niliyofika nyumbani kwa marehemu kaka yangu, nilimkuta mjane wake amekaa sebuleni anaangalia filamu ambayo watu wake hawakuwa na sauti.

Sikilizeni vizuri. Runinga haikuwa imezimwa sauti. Mvua ilisikika inanyesha. Farasi walisikika wanakimbia, tena nyuma ya mgongo wangu, mpaka nikageuka kuangalia dirishani. Mlango ulibamizwa upande wa kushoto, glasi za kabatini zikalia.

Ila watu wenyewe, kimya.

Mwanaume anafungua mdomo, anarusha mikono, mishipa ya shingo imemtoka, hasikiki. Mwanamke analia, machozi unayaona, kilio hakipo.

Na shemeji yangu ametulia, mikono mapajani, anawafuata kwa macho utadhani anaelewa kila neno.

Nikapiga hodi mara ya pili. Akageuza shingo.

"Karibu, shemeji. Umechelewa, tumeshazika."

"Nimesikia."

"Kaa basi."

Nikakaa. Tukawaangalia watu wasiosema mpaka filamu ikaisha.

Niwaambie kidogo kuhusu mimi ili twende pamoja. Mimi ni mtu wa njia. Nimeanza kuzunguka ndevu hazijaota, sasa zimeota na zimeshabadilika rangi. Shule nimeisoma vipande, darasa moja huku, jingine kule, kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda mnyoosheni wenyewe. Kazi yangu ni kunoa. Visu, mikasi, majembe, chochote chenye makali. Nina jiwe langu, nina begi langu, mji ukinichosha nakula kona.

Kaka yangu mkubwa ni huyo mmoja tu. Tuliachana tukiwa vijana, yeye akiwa anamsaidia seremala mmoja kupiga randa. Alikuwa mkimya mpaka watu walikuwa wanamsahau chumbani. Ukimuuliza kitu anakujibu kwa nyusi. Zikipanda ni ndiyo, zikibaki hapohapo ni hapana.

Baadaye ikawa salamu za kupitia watu. Simu zilipokuja ikawa ujumbe. Yeye: "Mzima?" Mimi: "Mzima." Biashara imeisha.

Habari za msiba zilinikuta nanoa kisu cha mwenye bucha. Nikasoma. Nikamalizia kunoa. Nikapima makali kwa kucha, nikampa mwenyewe.

"Mbona umebadilika sura?" akaniuliza.

"Kaka amefariki."

"Pole sana, mzee."

"Asante. Hiki usikatie mifupa, kitapoteza makali."

Ndivyo ilivyokuwa. Nilikaa nasubiri kitu kinipande kifuani, hakikupanda. Njia nzima nilikula vizuri, nikalala vizuri, nikaangalia miti.

Shemeji akanipa chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo. Kitanda, dirisha moja, na harufu ya mafuta ya taa. Nikaweka begi chini ya kitanda. Nikajinyoosha, nikasikia magoti yangu yanasema hapa ndipo.

Niseme wazi, maana hadithi yote iko hapo: nilitaka kubaki. Siyo kwa wiki, siyo kwa mwezi. Kubaki. Nilikuwa nimefika umri ambao mtu akiugua njiani wanampitia pembeni wakidhani amelewa.

Binti wa kaka akaja wikiendi hiyohiyo. Ni mtu wa ofisini, anatembea haraka hata ndani ya nyumba. Alinisalimia kwa heshima zote, akapika, akampa mama yake chakula, akakaa pembeni yake wakaangalia mabubu wawili wanagombana kwenye mvua. Kisha akanivuta jikoni.

"Baba mdogo, nikuulize kitu, usinikasirikie."

"Uliza, mwanangu."

"Mama anaongea?"

"Anasalimia. Anauliza kama nimekula."

"Na pale kwenye runinga anakaa mpaka saa ngapi?"

"Mchana wote."

"Anaangalia watu wanaopepesa midomo mchana wote, na wewe umekaa naye unaona sawa."

Nikasogeza kikombe changu mezani.

"Mama anapotea, baba mdogo. Mama yangu ninamjua. Nimeshaongea na mume wangu, nitamchukua akae kwetu. Nyumba hii tutaipangisha."

"Na mimi?"

Akafuta meza ambayo ilikuwa safi.

"Wewe si mtu wa kutembea?"

Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningejua pa kumjibia.

"Mama yako hana neno," nikamwambia. "Mbovu ni ule mtambo. Utengenezwe uone kama hatakuwa mtu wa kawaida."

"Basi utengeneze. Mwisho wa mwezi nakuja. Nikimkuta bado anaangalia mabubu, naondoka naye."

Alipoondoka nikapiga magoti nyuma ya runinga na tochi mdomoni.

Kaka alikuwa ameujenga ule mtambo wa sinema wa nyumbani kwa mitumba, na alikuwa ameujenga hasa. Amplifaya nzito, ukiinyanyua mgongo unakuuliza maswali. Spika mbili ndefu za mbao ya kahawia mbele, moja imevuliwa kitambaa cha usoni. Mbili ndogo ametundika kwenye kona za nyuma, juu karibu na dari; ndizo zilizoniletea farasi mgongoni. Sabufa chini ya meza. Hakuna kimoja kilichotoka duka moja na kingine, ila nyaya zote zilikuwa zimebanwa ukutani kwa misumari midogo, zimenyooka. Hapo nikamwona seremala.

Katikati, chini ya runinga, palikuwa na ubao wa rafu. Juu yake pameachwa alama ndefu, mbao imebaki na rangi yake, haikupauka kama pembeni. Kitu kilikaa hapo miaka. Nyaya mbili zilikuwa zinaning'inia, ncha zake zimezungushiwa utepe mweusi. Kazi nadhifu.

"Shemeji, hapa palikuwa na kitu?"

"Palikuwa."

"Kiko wapi?"

"Hakipo."

"Kiliungua?"

"Chai yako inapoa, shemeji."

Nikanywa chai. Nikajaribu tena.

"Nikitafuta kingine nimalizie kazi ya kaka, utakubali?"

Aliangalia ile alama kwenye ubao muda mrefu.

"Fanya unavyoona," akasema.

Nikaita fundi. Mtaani wanamwita Waya, mwembamba mwenyewe, anafanana na jina lake. Akaingia, akavua viatu, akauzunguka mtambo mikono nyuma.

"Mzee, aliyefunga hii alikuwa na akili zake," akasema. "Ona, hizi za mbele ni za muziki. Za nyuma kazi yake kukushtua. Sabufa inatikisa vikombe. Sasa maneno ya watu yote yanapelekwa hapa katikati. Hapa ndipo wanapoongelea. Mtu amekutolea hii, amekuachia nyumba na paa na madirisha, wenyeji ametoka nao."

"Hakuna njia ya mkato?"

"Ipo. Huu mtambo haujui kama spika imeondoka, bado unatuma maneno kule kule. Ukinipa rimoti yake naingia ndani nauambia huna ya katikati, utagawa maneno kwa hizi mbili. Rimoti iko wapi?"

"Ilitumbukia kwenye ndoo ya maji," shemeji akasema nyuma yetu. Hatukumsikia akiingia.

"Lini hiyo, mama?"

"Siku ilipotumbukia."

Waya akanitazama. Mimi nikatazama dari.

"Basi tafuta spika," akasema. "Na usiniletee ilimradi spika. Tafuta dada yao hizi mbili ndefu, ubao huuhuu, nembo hiihii. Ukiweka nyingine, watu wataongea kama wako ndani ya pipa. Na nikwambie ukweli, hizi zimeacha kutengenezwa zamani. Hela yako weka, subira weka zaidi."

Hela sikuwa nayo. Nilikuwa na jiwe. Nikaanza kuzunguka mtaa kwa mtaa nanoa, na kila ninaponoa naulizia spika.

Nilianzia kwa kinyozi wa pale jirani. Alinipa mikasi yake yote, akakaa kuniangalia.

"Kwa hiyo wewe ndiye mdogo wake."

"Ndiye."

"Mbona huna hata robo ya mdomo wa kaka yako?"

"Kaka hakuwa na mdomo," nikasema. "Alikuwa mkimya."

Kinyozi alicheka mpaka mteja aliyekuwa kwenye kiti akamwomba aweke wembe chini.

"Umesikia hiyo? Mkimya. Mzee, acha mchezo, tutakufa hapa."

Nikafikiri ndiyo utani wao na marehemu, kila mtaa una wake. Sikuuliza. Nilichokuwa najua ni kwamba kaka aliacha useremala akaingia kwenye kazi ya video. Ndivyo alivyoniandikia, "Siku hizi niko kwenye video." Na nyumbani kabati lilikuwa limejaa sidi, juu zimeandikwa kwa kalamu, nikajua alikuwa anazikodisha. Siku zile sikuwa mtu wa kuuliza. Nilikuwa nanoa.

Spika ya kwanza niliipata kwa jamaa anayeuza pasi na feni za mitumba. Ubao wa kufanana, nembo ya kufanana. Akaapa kwa wazazi wake wote wawili kuwa ni nzima. Nikaibeba begani, nikafika, nikafunga nyaya, nikawasha. Ikanguruma kidogo, nyuki ndani ya kopo, halafu ikanyamaza moja kwa moja.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni.

"Imekufa?"

"Imekufa."

"Basi," akasema, na mabega yake yakashuka.

Nikamhurumia. Nikajua ni kukata tamaa. Nikajiapiza nitaipata nyingine hata kama nitanoa visu vya mji mzima.

Waya alipoipima akaniambia, "Hii ilishazikwa, mzee, wewe umeifukua." Halafu akanifundisha: nenda na betri ndogo ya saa ya ukutani, gusisha waya za spika. Ikisema tap, iko hai. Ikinyamaza, mrudishie mwenyewe salamu.

Nikawa naenda na betri mfukoni. Niligusisha spika za watu mpaka nikapata jina. "Daktari kaja," wauza mitumba walikuwa wanasema wakiniona.

Mwezi ukawa unaisha. Binti akampigia mama yake, akaomba nipewe simu. "Baba mdogo, nakuja Jumamosi. Umefikia wapi?"

"Niko karibu," nikasema. Sikuwa karibu na chochote.

Ijumaa nikaenda upande wa mji ambao sikuwa nimeufika. Uchochoro mzima ni vyombo: majokofu yasiyo na milango, runinga zenye visogo, nyaya zimerundikwa kama nywele za kinyozi. Mwisho wa uchochoro palikuwa na mama mmoja mnene, amekaa kwenye kiti cha ofisi kilichovunjika mkono, anakula karanga, miguu ameiweka juu ya kitu.

Kitu chenyewe kilikuwa kirefu, ubao wa kahawia.

"Mama, shikamoo yangu ipokee kwa umri wowote ule," nikasema. "Hiyo unayoikanyaga unauza?"

"Marahaba, mzee mzima. Hii siuzi. Naweka miguu, daktari ameniambia isining'inie."

"Nitakutafutia kigoda."

"Kigoda hakina urefu huu."

"Nikuambie ukweli, mama. Nina shemeji yangu mjane, anaangalia filamu hasikii maneno. Hiyo ndiyo anayoikosa."

Akatafuna kwanza.

"Wanaume mkitaka kitu mnaleta wajane," akasema. Lakini akashusha mguu mmoja.

Nikainama, nikagusisha betri. Tap.

"Umeitoa wapi?"

"Kuna mama aliileta mwenyewe, ameifunga kwenye shuka, kaipakata kama mtoto. Hakubishana bei. Watu wasiobishana bei nawaogopa, nikajua ya wizi. Nikamwambia mama, ina ubovu gani? Akaniambia haina ubovu, inaongea sana. Nikamwambia mama yangu, spika isiyoongea mimi nitamuuzia nani?"

Tukacheka. Mimi nilicheka kwa sababu yeye alicheka.

Nikatoa nilichokuwa nacho. Akakiangalia, akatikisa kichwa. Nikajitolea kumnolea visu vya nyumbani kwake mpaka mwaka uishe. Akasema visu anavyo viwili na vyote anavitumia kufungulia redio.

"Na hilo begi?" akauliza.

Begi langu ni la turubai, mshono wa mara mbili, limenifuata nchi ngapi sijui. Nilikuwa nimelibeba kwa ajili ya jiwe.

"Hili?"

"Mume wangu anasafiri na mizigo, mabegi ya siku hizi yanachanika zipu kabla hajafika kituoni."

Nikatoa jiwe, nikalishika mkononi. Nikampa begi. Nikaweka spika begani, nikaondoka.

Jumamosi asubuhi nikaiweka juu ya alama ile kwenye ubao. Ilikaa barabara, haikuzidi, haikupungua. Nikasema moyoni, kumbe waliotengeneza hizi walikuwa wanafuata kipimo kimoja.

Shemeji akaja na kitambaa, akaifuta vumbi. Kuna mchubuko kwenye kona ya nyuma, akapitisha kidole hapo.

"Umeipata."

"Nimeipata."

"Wapi?"

"Kwa mama mmoja mwisho wa uchochoro wa vyombo. Alikuwa anaiwekea miguu."

"Miguu," akasema.

Akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Nikaona ni furaha ya watu wazima, haipigiwi vigelegele. Nikaendelea kukaza nyaya.

Binti alifika mchana. Alikuwa na begi tupu la nguo mkononi. Nililiona, na yeye aliona nimeliona.

"Mama yuko wapi?"

"Chumbani. Kaa hapo, mwanangu. Kaa katikati, hapo sauti ndiyo inakutana."

"Mtambo umekubali?"

"Kaa tu."

Nikachomoa sidi ya kwanza iliyokuja mkononi, nikaiingiza kwenye deki. Nikakaa kwenye kiti cha pembeni. Moyo ulikuwa unaenda mwendo wake wa kila siku. Hata hilo nililishangaa.

Mvua ikaanza kona za nyuma. Mtu akatokea kwa mbali anakuja na mwavuli.

Ndipo ikatoka sauti, palepale katikati.

Haikuwa sauti ya yule mwenye mwavuli. Ilikuwa ya mtu anayeongea juu yake, anatufasiria ile filamu ya kigeni, sauti nzito, imejaa, ina mzaha ndani.

"Haya, mdogo wangu, sogea tuone. Unamwona huyo anayekuja? Usimwamini. Mwavuli mpya, viatu vya zamani. Huyo mwavuli ameazima."

Nikatabasamu.

"Anabisha hodi. Sikiliza anavyobisha, mdogo wangu, huyo hakuja kwa wema. Anayekuja kwa wema anabisha mara moja anasubiri. Anamwambia mama mwenye nyumba, nimekuja kuchukua mali ya baba. Mama anamwambia, baba yako aliacha madeni, utaanza na lipi?"

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, tumbo likauma. Tangu msiba, hicho ndicho kilikuwa kicheko changu cha kwanza cha kweli.

"Sasa mama analia. Usimwonee huruma. Mdogo wangu, angalia vizuri, analia jicho la upande wa kamera."

"Huyu mropokaji ana kipaji," nikasema nikifuta macho. "Ni nani huyu?"

Nikamgeukia binti. Alikuwa ananiangalia mimi, haangalii runinga.

"Baba mdogo, unatania."

"Sitanii. Ni mtu wa hapa mjini?"

Mlango wa chumbani ukafunguka. Shemeji akasimama hapo, mkono mmoja kwenye fremu.

"Huyo ni kaka yako," akasema.

Filamu iliendelea. Yule mtu katikati akawa anaeleza jinsi mwenye mwavuli alivyokaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

Binti akainuka, akaenda kwa mama yake.

"Mama, hii spika ilikuwa wapi?"

"Niliiuza."

"Uliiuza?"

"Alikuwa haachi kuongea." Shemeji akaja akakaa kwenye kochi, polepole. "Tumetoka kuzika, tumeingia humu, jirani akaona atuchangamshe, akawasha runinga. Na yeye yuko hapo anataniana na watu. Anacheka. Udongo wake uko kwenye viatu vyangu. Kila filamu humu ndani kaitafsiri yeye. Nikaona ama nizime nikae nikitazama ukuta, ama nimtoe yeye nibaki na picha. Nikamtoa."

"Na rimoti?"

"Niliitumbukiza."

"Mimi nilijua umechanganyikiwa, mama."

"Kwa sababu siongei?" Akamwangalia binti yake. "Nimeishi na mtu anayelipwa kwa kuongea. Mimi zamu yangu ilikuwa lini? Rudi na begi lako, mwanangu. Mimi sihami. Huyu shemeji nilimwacha atafute kwa sababu nilijua hapati. Sikujua ni king'ang'anizi."

Nilifungua mdomo niombe radhi, akanizuia kwa kiganja.

"Wewe usiniambie kitu. Niambie hili tu. Hukumjua kweli?"

Binti naye akasubiri.

Nikafumba macho. Nikaisikiliza ile sauti, nikaipekua. Nikamtafuta ndani yake yule kijana wa nyusi, aliyekuwa anafagia takataka za randa kimya kimya. Nikatafuta hata kikohozi. Hata namna ya kuvuta pumzi. Nilichopata ni mtu mzima mchangamfu ambaye sijawahi kukutana naye.

"Hapana," nikasema.

Shemeji akaigeukia runinga.

"Alipoanza kazi hii ya kufasiri filamu alikuwa anaogopa kipaza sauti," akasema. "Mwenye ukumbi wa video alitaka kumfukuza. Anarudi nyumbani ameloa jasho, hajasema neno. Nikamwambia, jifanye unamsimulia mtu mmoja tu, wengine wasahau. Akaniuliza, nani? Nikamwambia, chagua wewe. Akafikiri. Akasema, nitamsimulia mdogo wangu."

Nikaitazama ile spika.

"Nikamwambia, mdogo wako hata huko aliko hujui. Akaniambia, ndiyo maana."

Na kwenye runinga, kwa wakati huohuo, sauti ikasema, "Tulia sasa, mdogo wangu, usiinuke, hapa ndipo penyewe."

Mimi nilikuwa nimedhani ni namna yake ya kuwaita wateja.

Binti aliondoka jioni ile na begi lake tupu. Mlangoni aliniambia, "Usimwache mama." Shemeji akasema kutoka ndani, "Niambie na mimi nisimwache yeye. Huyo ndiye wa kuangaliwa, mimi kichwa changu kizima." Ndivyo nilivyobaki. Nilitaka kubaki na nimebaki, chumba ni changu, hakuna anayeniuliza naondoka lini.

Sasa ni utaratibu. Baada ya chakula cha mchana shemeji ananiwekea sidi moja. Yeye anatoka, anakaa kibarazani na kazi zake za mikono, mlango anauacha nusu. Kuna siku namsikia anaguna kabla mzaha haujafika. Anazijua zote.

Mimi nazipitia moja baada ya nyingine, kabati bado halijafika katikati. Kaka amenisimulia wezi, wafalme, majeshi, wachumba wa uongo. Amenikemea nisiwaamini watu wenye suti nyeupe. Kwenye moja alikuwa na mafua, akaniomba radhi. Kwenye nyingine alinyamaza mahali mtoto anapozikwa, akasema tu, "Hapa ujionee mwenyewe, mdogo wangu," akaacha mvua inyeshe.

Sauti yake sasa naijua. Naijua kama ninavyomjua mtangazaji wa redio. Zaidi ya hapo sijafika, na sitawadanganya kwamba nimefika.

Mnaosoma simulizi hizi mnapenda mwisho muachiwe funzo. Langu ni hili, na sina jingine. Kama una ndugu yako mbali, usimtumie "Mzima." Mpigie. Akikosa la kusema, subiri naye kwenye laini mpaka alipate, kwa sababu mtu uliyemwacha siye atakayekuwepo ukirudi, na huyo mpya hakuna atakayekutambulisha kwake.

Mimi kaka yangu ameongea na mimi miaka yote hiyo, akiniita mdogo wake, ukumbi mzima ukisikia. Mtambo haukupoteza hata neno. Asiyekuwepo nilikuwa mimi.

Siku hizi nipo. Nakaa pale katikati, sauti inapokutana. Akiniita "mdogo wangu," naitika, "Naam, kaka." Yeye hasubiri. Anaendelea na filamu.